Mbio za mashua demani na vuli: jinsi zinavyoendeshwa na kinachoamua mshindi

Kati ya Septemba na Disemba, kusi inapokatika na kaskazi haijashika, bahari ya pwani yetu hutulia kiasi cha kuwaruhusu watu kushindana kwa matanga. Vijiji hutoa mashua zao, mafundi hukaza misumari na kuziba nyufa, na vijana ambao juzi walikuwa wakivua kwa chombo hichohicho hupanga namna ya kukishinda chombo cha jirani.

Msikilizaji aliye ufukweni huona matanga meupe yakienda na kurudi. Mara nyingi haelewi kwa nini mashua moja imeelekea mashariki na nyingine magharibi, wakati boya la kugeukia ni moja. Makala hii inaeleza mbio hizo kwa lugha ya kawaida: msimu wake, vyombo vyake, sheria zake, namna upepo unavyosomwa, na lini nahodha mwenye akili hushusha tanga hata kama anaongoza.

Kwa ufupi:

- Msimu wa demani na vuli una upepo mwepesi unaogeukageuka, kwa hiyo kusoma upepo kuna thamani kuliko nguvu.
- Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Ni lazima kibishe, yaani kiende kwa kona, upande huu na upande ule.
- Katika mashindano ya msimu mzima, anayemaliza wa pili kila mara anaweza kumshinda anayeshinda leo na kuharibikiwa kesho.
- Mashua ya mbio ndiyo mashua ya kazi. Mlingoti ukivunjika Jumapili, Jumatatu hakuna samaki.

Kwa nini msimu huu?

Pwani ya Afrika Mashariki inaishi kwa pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Disemba hivi hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na huwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na India yalikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Chanzo cha pepo hizi ni jua. Katikati ya mwaka jua huchoma bara la Asia, hewa ya huko hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kutoka kusini kwenda kuijaza nafasi. Karibu na tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta kuelekea kusini. Nchi kavu ya Asia huanza kupoa, ya kusini mwa Afrika huanza kupata joto, na mvuto wa hewa hugeuka.

Mgeuko huo hauji kwa siku moja. Mwisho wa kusi huitwa demani, wakati wa upepo wa wastani na bahari nzuri. Baada yake huja kipindi cha pepo kubadilika, ambacho mabaharia wengi hukiita maleleji. Ndani ya kipindi hichohicho, kati ya Oktoba na Disemba, hunyesha mvua za vuli.

Matokeo yake ni siku ambayo asubuhi upepo hutoka bara, saa nne au saa tano hufa kabisa, na alasiri huja upepo wa baharini. Msikilizaji aliye kando ya Ziwa Victoria anaujua mchezo huu: usiku upepo wa nchi kavu humpeleka mvuvi ziwani, na mchana upepo wa ziwani humrudisha.

Lamu ndiko mbio hizi zinakojulikana zaidi. Vyombo hushindana katika Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, na pia wakati wa Maulidi. Kwa kuwa Maulidi hufuata mwezi wa Mfungo Sita, tarehe zake husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa kawaida, na mbio zake zinaweza kuangukia msimu wowote wa upepo. Zanzibar nako, tamasha la filamu linaloitwa pia Tamasha la Nchi za Jahazi limekuwa na mbio za vyombo vya tanga.

Vyombo vinavyoshindana

Mashua ni chombo cha mbao kilichoundwa kwa mkuku, mataruma na mbao za ubavuni. Ina mlingoti mmoja ulioinamia mbele kidogo. Tanga lake la pembe tatu hufungwa kwenye mti mrefu unaoitwa foromali, na foromali huning'inia kwenye mlingoti kwa kamba ya kupandishia, henza. Kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, kinajulikana kwa mafundi wake wa kuunda vyombo hivi.

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye mirengu miwili, yaani mbao za pembeni zinazokizuia chombo kisipinduke. Ni nyembamba na nyepesi, na hukimbia hata upepo ukiwa mdogo.

Vilabu vya kisasa vya matanga, kama vile vya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, vina vyombo vya aina nyingine. Kimojawapo kinachotumika duniani kote ni Laser, chombo cha mtu mmoja chenye urefu wa mita 4.2 na tanga la mita 7 za mraba hivi. Watoto hadi miaka 15 huanzia kwenye Optimist, kijisanduku cha mita 2.3 kilichobuniwa Florida, Marekani, mwaka 1947.

Vyombo virefu na vifupi havipaswi kushindanishwa pamoja. Chombo cha kawaida kinachokata maji hujitengenezea wimbi mbele na nyuma, na urefu wake majini huweka kikomo cha mwendo. Kwa hesabu ya kukadiria, chombo chenye mita 6 majini hufika karibu kilomita 11 kwa saa, na baada ya hapo hata ukiongeza upepo huongezeki mwendo ila kidogo. Chombo cha mita 9 hufika kama kilomita 13 au 14. Ndiyo maana waandaaji wazuri hupima urefu kabla ya kupanga makundi. Wasipofanya hivyo, mshindi anajulikana tangu vyombo vikiwa ufukweni.

Njia ya mbio, na kwa nini vyombo havifuatani

Njia ya kawaida ina mstari wa kuanzia, boya la kugeukia lililowekwa upande unakotoka upepo, na boya jingine au mawili kwa ajili ya kurudi. Safari ya kurudi na upepo nyuma ni rahisi kuielewa. Mbio huamuliwa zaidi kwenye safari ya kwenda.

Tanga haliwezi kukupeleka moja kwa moja unakotoka upepo. Ukijaribu, litapigapiga kama kanga kwenye kamba na chombo kitasimama. Baharia hulazimika kubisha: huenda kwa kona kulia, hugeuza, kisha huenda kwa kona kushoto, kama mtu anayepanda mlima mkali kwa njia ya kuzungukazunguka.

Hapa kuna hesabu inayofaa kukumbukwa. Tuseme boya liko kilomita 1 mbele, upepo ukitokea pale pale. Chombo kinachoweza kwenda kwa kona ya nyuzi 45 kutoka upepo kitasafiri karibu kilomita 1.4 kulifikia. Chombo kinachoweza nyuzi 60 tu kitasafiri kilomita 2. Tanga lililochakaa na kujaa kama mfuko hulazimisha kona pana zaidi, kwa hiyo mwenye tanga bovu anakimbia mbio ndefu kuliko wenzake bila kujua. Kabla ya kufikiria rangi mpya ya chombo, tazama tanga.

Kugeuza mashua yenye foromali ni kazi. Katika vyombo vikubwa nahodha huuacha upepo uje nyuma, mabaharia huisimamisha foromali na kuipitisha mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kitendo hiki huitwa kukisi tanga. Kikifanywa vizuri, chombo hupoteza muda mchache. Kamba ikinaswa, vyombo vitatu vimekupita. Baadhi ya vyombo vidogo hukwepa kazi hiyo kwa kuliacha tanga liegemee mlingoti upande mmoja, ingawa halikai vizuri.

Kusoma upepo wa maleleji

Wakati wa kusi ya katikati ya mwaka upepo ni mmoja kutwa nzima, na mwenye nguvu na chombo kizuri hushinda. Demani na vuli mambo ni tofauti. Upepo huchezacheza kulia na kushoto, na kila mgeuko humpa mtu nafasi na kumnyang'anya mwingine.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Ukiwa unabisha, chagua alama ya nchi kavu iliyo mbele ya omo, kwa mfano mnara wa msikiti au mnazi mrefu. Linda tanga lijae vilevile. Kama upepo unakulazimisha omo liende mbali na boya, mgeuko huo ni mbaya kwa upande ulio nao, na ni mzuri kwa upande wa pili, kwa hiyo geuza. Kama omo linasogea karibu na boya, tulia, endelea kula faida.

Faida hiyo si ndogo. Chukua vyombo viwili vinavyobisha kwa nyuzi 45 vikiwa sambamba, mita 100 kati ya kimoja na kingine. Upepo ukigeuka nyuzi 10 tu, chombo kilicho upande ulikogeukia upepo hupata karibu mita 25 bila kuongeza mwendo hata kidogo. Hiyo ni zaidi ya urefu wa mashua tatu.

Hata hivyo, kwa mashua yenye foromali usikimbilie kugeuza kwa kila mchezo mdogo wa upepo. Kugeuza kunagharimu. Nahodha mzoefu husubiri aone kama mgeuko umekaa, kisha hutoa amri.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Maji yenye vikunyanzi vyeusi ni mahali penye upepo. Maji yanayong'aa kama mafuta hayana upepo.
- Moshi wa jikoni ufukweni na matanga ya vyombo vya mbali huonyesha upepo kabla haujakufikia.
- Nyuma ya mikoko mirefu au majengo upepo hufa. Kaa mbali na kivuli hicho.
- Wingu dogo la kawaida lililo juu ya nchi kavu saa sita mchana ni dalili kwamba upepo wa baharini unakuja.

Maji nayo yana mwendo wake

Chombo hakiendeshwi na upepo peke yake. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua zaidi kidogo ya saa 6. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanaweza kupanda na kushuka kwa mita 3 au zaidi. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo.

Maji hayo yote hupita kwenye mikondo myembamba kama ule ulio kati ya visiwa vya Lamu na Manda. Kuna hesabu ya zamani ya mabaharia: gawa maji yote yanayojaa katika mafungu 12. Saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji yote hupita katika saa ya tatu na ya nne. Mbio zikianza wakati huo, mkondo ni mkali kuliko wakati mwingine wowote.

Mkondo huenda kasi zaidi kwenye kina na polepole pembeni. Ukienda kinyume chake, kaa karibu na ukingo kadiri mkuku unavyokuruhusu. Ukienda pamoja nao, ingia katikati. Katika upepo hafifu wa maleleji, jambo hili linaweza kuamua mbio kuliko tanga lenyewe. Kuna siku mashua inakata maji vizuri, povu linaonekana, lakini ukilinganisha na miti ya ufukweni inarudi nyuma.

Nani ampishe nani

Vyombo vikikutana, haki haitegemei nani ana sauti kubwa. Sheria za kimataifa za mbio za matanga zina kurasa nyingi, lakini tatu zinatatua ugomvi mwingi:

1. Vyombo vinavyopata upepo kutoka pande tofauti: kinachopata upepo upande wake wa kulia kina haki. Kinachoupata kushoto kipishe.
2. Vyombo vyote vikipata upepo upande mmoja na viko ubavu kwa ubavu: kilicho upande wa goshini, yaani karibu na unakotoka upepo, kimpishe kilicho upande wa demani.
3. Chombo kinachotoka nyuma kimpishe kilicho mbele hadi kimpite salama.

Juu ya zote tatu iko ya nne: hata mwenye haki asisababishe kugongana anapoweza kuepuka.

Kuanza nako kuna utaratibu. Katika vilabu, honi na bendera hutolewa dakika 5 kabla, kisha dakika 4, kisha dakika 1, halafu mbio zinaanza. Vyombo huzungukazunguka nyuma ya mstari vikitafuta kuuvuka kwa kasi wakati uleule wa honi ya mwisho. Anayevuka mapema hurudi kuanza upya. Kuna mbio nyingine ambazo vyombo husimama kwanza katika mstari, na matanga hutwekwa ishara ikitolewa. Huko, ushindi wa mapema ni wa mikono inayovuta henza kwa pamoja.

Kama kijiji chako kinaandaa mbio, soma sheria kwa sauti mbele ya manahodha wote kabla ya kuanza, na mchague mwamuzi asiye na chombo ndani ya mbio. Ugomvi mwingi wa zawadi huzaliwa hapo.

Pointi za msimu

Mbio moja inaweza kushindwa kwa bahati. Kwa sababu hiyo vilabu hupanga mfululizo wa mbio, tuseme kila wiki mbili kuanzia Septemba hadi Disemba, na kujumlisha pointi. Wa kwanza hupata pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, na kuendelea. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mara nyingi kila chombo huruhusiwa kufuta matokeo yake mabaya kuliko yote.

Chukua mfano wa vyombo viwili katika mbio 6. Cha kwanza kimemaliza nafasi ya 1, 1, 5, 4, 1 na 6. Cha pili kimemaliza nafasi ya 2, 2, 2, 3, 2 na 2. Cha kwanza kikifuta 6, kinabaki na pointi 12. Cha pili kikifuta 3, kinabaki na pointi 10. Chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kwanza hata siku moja kimechukua msimu.

Utaratibu huu una faida kwa vijiji vya wavuvi. Nahodha anajua kwamba siku ya upepo mbaya anaweza kujitoa, akafuta mbio hiyo, na bado akabaki kwenye mashindano. Zawadi ikitolewa kwa mbio moja tu, mtu hushawishika kuhatarisha chombo.

Mabaharia ndio farumi

Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisimame imara, kama mawe au magunia ya mchanga. Katika mbio, farumi bora ni watu, kwa sababu watu huhama. Upepo ukilaza chombo, mabaharia hukaa ukingoni upande wa goshini. Huko Lamu hutokeza ubao nje ya chombo na kuukalia, miguu ikiwa juu ya maji. Chombo kilichosimama wima hukimbia kuliko kilicholala.

Upepo ukiwa hafifu mambo hugeuka. Watu wengi ni mzigo, na kila anayesimama na kutembea humwaga upepo uliomo tangani. Katika siku kama hizo wachache waliotulia huwashinda wengi wenye nguvu.

Kazi zigawanywe kabla ya kuondoka: mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye demani, yaani kamba ya kukaza na kulegeza tanga, wa mbele kwenye foromali, mmoja wa kufua maji, na mmoja wa kutazama upepo na vyombo vingine. Amri itoke kwa mtu mmoja. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hakuna mahali neno hilo linapoonekana kwa macho kama kwenye boya la kugeukia, mashua tano zikifika pamoja na kila mtu akipiga kelele.

Wingu la vuli

Hatari kubwa ya msimu huu ni mvua ya ghafla. Bahari inaweza kuwa shwari kabisa, kisha wingu jeusi lenye kitako bapa likatokea. Mvua inapoanguka ndani ya wingu huvuta hewa baridi chini, na hewa hiyo ikifika baharini husambaa kwa nguvu mbele ya mvua yenyewe. Upepo huo hutangulia, na unaweza kutoka upande tofauti kabisa na ule uliokuwa ukivuma.

Nguvu ya upepo kwenye tanga haiongezeki sawa na mwendo wake. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, nguvu huzidi mara tisa. Mlingoti uliokuwa ukibeba mzigo wa mtu mmoja sasa unabeba wa watu tisa, ndani ya dakika moja.

Tanga la foromali halina njia nyepesi ya kupunguzwa likiwa juu. Tangu zamani mabaharia hulitua na kutweka jingine dogo. Kwa hiyo uamuzi ni lazima ufanywe mapema. Ukihisi ubaridi wa ghafla usoni, ukiona mstari mweusi au mweupe wa maji ukija, ukiona vyombo vya mbali vikitua matanga, tua lako. Usisubiri wa jirani aanze.

Chombo kikipinduka, baki nacho. Mbao huelea, na chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ufuko unaoonekana karibu huwa mbali kuliko unavyodhani, na mkondo unaweza kukupeleka upande mwingine. Hata mwogeleaji hodari anaweza kuzama akijaribu kuogelea kwenda nchi kavu.

Kabla ya kwenda, hakikisha una vitu hivi:

- Jaketi okozi kwa kila mtu, livaliwe na kufungwa. Likiwa chini ya chombo halimsaidii mtu.
- Ndoo au kata ya kufulia maji, imefungwa kwa kamba isielee ikaenda zake.
- Makafi mawili na nanga.
- Kisu cha kukata kamba iliyonasa.
- Simu yenye chaji ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara. Namba ya dharura 112 hutumika Kenya na Tanzania.
- Taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo. Idara ya Hali ya Hewa Kenya na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za baharini, na redio huzisoma.

Waandaaji nao wawe na boti ya injini inayofuata mbio kuanzia mwanzo hadi chombo cha mwisho kirudi. Bila boti hiyo, mbio zisianze.

Mbio hizi zina kazi gani leo?

Boti za injini zimeongezeka, na kijana anaweza kuvua miaka mingi bila kutweka tanga. Hilo lina faida zake, kwani injini hukufikisha sokoni samaki wakiwa wazima. Lakini injini hufa. Mafuta huisha, plagi hulowa, propela hunasa nyavu, na mara nyingi mambo hayo hutokea mbali. Aliye na tanga dogo, mlingoti mfupi na ujuzi wa kubisha atarudi taratibu. Asiye nao hubebwa na mkondo, akitumaini kuonekana.

Ujuzi huo haufundishiki kwa maneno matupu. Hujengwa kwa kurudia, mkono ukiwa kwenye kana ya usukani na jicho kwenye maji. Mbio humfanya kijana aigeuze mashua mara kumi ndani ya alasiri moja, jambo ambalo katika safari ya uvuvi angelifanya mara mbili au tatu. Humfundisha pia mkondo wa kwao, mwamba uko wapi, upepo hufia wapi. Na mzee aliyeacha kuvua hupata nafasi ya kukaa nyuma ya chombo na kusema "ngoja kwanza" kwa mtu anayemsikiliza.

Kwa hiyo ukitazama mbio za msimu huu, usihesabu tu nani amefika wa kwanza. Tazama nani amegeuza mapema upepo ulipogeuka, na wingu likija, nani ametua tanga na kurudi na watu wake wote.

Maneno ya baharini yaliyotumika

- Bamvua: siku za maji kujaa na kupwa kwa wingi.
- Demani: mwisho wa kusi, pia kamba ya kuongozea tanga, pia upande wa chombo unakokwenda upepo.
- Farumi: uzito wa kukiimarisha chombo.
- Foromali: mti unaobeba tanga.
- Goshini: upande wa chombo unakotoka upepo.
- Henza: kamba ya kupandishia foromali na tanga.
- Kana: mpini wa usukani.
- Kubisha: kwenda kwa kona kuukabili upepo.
- Kufua maji: kuyachota maji yaliyoingia chomboni na kuyamwaga nje.
- Kukisi: kuligeuza tanga upande wa pili.
- Kutweka na kutua: kupandisha na kushusha tanga.
- Maji mafu: siku za maji kujaa na kupwa kidogo.
- Mkuku: ubao wa chini kabisa wa chombo, uti wake wa mgongo.
- Omo: sehemu ya mbele ya chombo.